Diski 14 za stoo ya shule: zipi zilirudi kazini na zipi zikaishia kwenye bisibisi

Kisa kilianza na simu ya mwalimu mkuu, akaniambia fundi njoo utusaidie, stoo imejaa makompyuta ya zamani na kuna mtu anakuja kuyabeba yote kwa kilo kama vyuma chakavu. Nikamuuliza kitu kimoja tu, mwalimu, zile hard disk, diski za kutunzia data, mmeshazitoa ndani? Akanyamaza kidogo, afu akasema kwani zina nini, si kompyuta zenyewe hazitumiki tena. Nikamwomba huyo mtu wa vyuma asubiri wiki mbili.

Naandika hiki kisa chote mwanzo mwisho kwasababu watu wengi wako na boksi kama lile nyumbani au ofisini na wanajua njia mbili tu, kutupa au kuliacha lijae vumbi miaka kumi. Na mi hili jambo linaniuma kweli. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki inasema mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za hizi taka, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaoeleweka ni asilimia 22.3 tu. Zilizobaki ziko kwenye mashimo, kwenye moto wa kuchoma waya, na kwenye mastoo kama haya.

Nilipofika nikampa shikamoo mzee anayetunza stoo, akanifungulia, akaniambia mwanangu hivi vitu mi navizunguka tu kila siku kutafuta chaki. Tukahesabu pamoja. Kompyuta za mezani sita za kizazi cha DDR3 (aina ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta), hizi ndo zilistaafishwa kwasababu Windows 10 iliacha kupewa masasisho tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inazikataa, inataka TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama, na prosesa mpya zaidi. Yani mashine nzima nzima kabisa, kosa lake umri tu. Chini ya hizo kulikuwa na mabaki ya kompyuta za zamani zaidi, laptopu tatu zilizovunjika vioo, na mfuko wa nyaya. Nikafungua zote, nikapata diski 14: tano za IDE, zile za mkanda mpana wenye matundu 40, sita za SATA, zile za kebo nyembamba, za inchi 3.5, na tatu ndogo za inchi 2.5 kutoka kwenye zile laptopu.

Kabla ya kushika bisibisi tena nilikaa na mwalimu mkuu tukakubaliana mpangilio, na huu mpangilio ndo uti wa mgongo wa kazi yote. Kwanza tunaangalia kuna nini ndani na tunaokoa kinachotakiwa, pili tunapima afya ya diski, tatu tunaipa kazi, na kuifungua kuchukua vipande ni mwisho kabisa baada ya kushindikana yote. Wengi wanaanza mwisho. Mtu anaona sumaku nzuri kwenye video anafungua diski mezani, vumbi linaingia, afu ndo anakumbuka picha za marehemu mama yake zilikuwa mle. Kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani, ile duara inayobeba data, kwa nafasi ndogo mno, chembe moja ya vumbi kwake ni kama jiwe, ukishafungua hesabu hiyo diski imeisha.

Kuziunganisha kulinichukua muda kuliko nilivyofikiria. Hizi ndogo za laptopu zinakula volti 5 tu kwahiyo adapta ya USB inazitosha, ila za inchi 3.5 zinataka na volti 12, na hapo ndo watu wengi wanadanganyika, anachomeka diski kubwa kwenye adapta ndogo isiyo na umeme wake, haizunguki, anasema imekufa. Haijakufa, ina njaa. Na zile za IDE zina jampa nyuma, kiplagi kidogo sana cha kuchagua nani bwana nani mtumwa, mbili kati ya zile tano hazikuonekana kabisa mpaka nilipohamisha jampa.

Matokeo ya mzunguko wa kwanza: IDE moja ilikuwa kimya kabisa, nyingine ikawa inagonga tak tak tak, SATA moja nayo ikagonga hivohivo, na laptopu moja kichwa kilikuwa kimekwama kwenye sahani. Ukisikia kugonga kule, zima. Kila dakika unayoiacha iwake kichwa kinazidi kukwangua. Nne hizo nikaziweka pembeni, kumi zikasomeka.

Sasa kupima afya. Diski inajiandikia historia yake yenyewe, inaitwa SMART, na programu ya bure ya smartctl inakuonyesha. Orodha ni ndefu na inatisha lakini mi naangalia namba tano tu. Ya 9 ni saa ilizowaka. Ya 5 ni sekta, yani vile vipande vidogo vya diski vinavyobeba data, zilizoshindikana zikabadilishwa na za akiba. Ya 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, yani diski imejaribu kuzisoma ikashindwa na haijaamua bado. Ya 198 ni zilizoshindikana wakati diski inajikagua yenyewe. Na ya 199, hii ndo nataka tukae nayo kidogo kwasababu ilinifundisha kitu.

Kulikuwa na diski ya GB 500, saa zake zilikuwa elfu 31 na kitu, ambayo ni kama miaka mitatu na nusu ya kuwaka usiku na mchana. Kunakili faili kutoka kwake ilikuwa mateso, inaenda inasimama, inaenda inasimama, mara inapotea kabisa kwenye kompyuta inarudi tena. Kijana niliyekuwa naye, ananisaidia kazi mwaka wa pili sasa, akasema kaka hii nayo tuitie kwenye zile nne. Nikakaribia kukubali. Kitu kilichonishika mkono ni kwamba namba 5 ilikuwa sifuri, 197 sifuri, 198 sifuri, lakini 199 ilikuwa imefika 1,846. Na hiyo 199 haihesabu ugonjwa wa sahani, inahesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Njiani ni wapi? Ni kebo.

Nikaichomoa ile kebo nikaiweka kwenye mwanga. Ilikuwa ile nyekundu ya kawaida, imekunjwa sana karibu na kichwa, na ukiitikisa kichwa kinacheza kwenye tundu. Nikatoa nyingine kwenye ule mfuko, nikachomeka, nikaanza kunakili upya. Ilienda bila kukwama hata mara moja. Kijana akaniuliza mbona sasa ile 1,846 haijashuka, nikamwambia haishuki, ile ni hesabu ya maisha yote, unachoangalia ni kama inaendelea kupanda. Tukaiandika kwa maka juu ya diski, 1,846 na tarehe. Baadaye, tulipomaliza kuokoa data, tukaipa mtihani mzito wa badblocks, ule unaoandika diski nzima na kuisoma tena mara nne kwa alama tofauti, ukachukua saa kama 14. Ikatoka safi na 199 ikabaki palepale 1,846. Diski nzima ilikuwa inahukumiwa kwa kosa la waya.

Kwahiyo ukiwa na diski inayosuasua, badilisha kebo kwanza, badilisha tundu, badilisha na waya wa umeme, kabla hujaitangaza marehemu.

Ya pili iliyonisumbua ilikuwa kinyume chake. GB 500 pia, hii kwa nje iko poa kabisa, inazunguka vizuri, inafunguka haraka, mtu asingeitilia shaka. Lakini namba 5 ilikuwa 48 na 197 ilikuwa 16. Na ndo diski yenye kitu cha maana kuliko zote, ndani yake kulikuwa na folda za matokeo ya wanafunzi wa miaka mingi na picha za mahafali ambazo mwalimu mkuu alishaambiwa zimepotea. Diski ya hivi hauinakili kwa kuburuta mafaili kwa panya. Nilitumia ddrescue, ambayo inachukua nakala ya diski nzima kama ilivyo kwenda diski nyingine, inapita kwanza sehemu rahisi zote, ikigonga mahali pabovu inaruka inaandika kwenye ramani yake, afu ndo inarudi mwishoni kuhangaika na pale. Hiyo inaiokoa diski mgonjwa isife ikihangaikia sekta moja huku mengine mazima yanasubiri nyuma. Ikamaliza kila kitu isipokuwa zile sekta 16. Sekta moja ni baiti 512, kwahiyo tulipoteza KB 8 kwenye GB 500. Tulipokagua tukakuta picha moja ya mahafali ina mstari wa kijivu nusu ya chini, basi, hayo mengine yote yalifunguka. Mwalimu mkuu alikaa nayo muda mrefu akipitia picha moja baada ya nyingine, akawa anataja majina ya watoto.

Niseme na hili kabla sijasahau, zile nne zilizokufa kuna mtu alinishauri niziweke kwenye friji zigande afu nijaribu, na mwingine akasema nibadilishe ule ubao wa kijani wa chini kwa ubao wa diski inayofanana. Friji inaleta unyevu juu ya sahani, unamaliza kabisa. Na ubao, diski za siku hizi zina chipu yenye vipimo vya diski hiyohiyo peke yake, ukileta ubao wa jirani bila kuhamisha ile chipu haisomi chochote. Kama data iliyomo ni ya thamani mpe mtaalamu wa kuokoa data ikiwa bado haijaguswa, kama si ya thamani iache ilale.

Baada ya hapo ndo ikaja kazi ya kugawa majukumu, na hapa ndo nadhani watu wengi wanakosea zaidi. Mtu akishapata diski ya zamani inayowaka swali lake linakuwa, je bado ni nzima? Mi naona swali lenyewe ni, ikifa kesho asubuhi tutapoteza nini? Diski yoyote ya miaka kumi iko safarini, hata ile yenye SMART safi. Kwahiyo ile unayoishuku unaipa kazi ambayo kilichomo kipo na kwingine, na zile unazoziamini unazipa kitu cha thamani lakini kamwe sio moja peke yake.

IDE tatu zilizosomeka hazikupewa kazi. Mbili ni za GB 80 na moja GB 40, zinakula umeme uleule wa diski kubwa, zinapiga kelele, na flashi moja ndogo inabeba zaidi ya zote tatu. Kuzishikilia kwa huruma sio matumizi mapya. Tulitoa kilichomo, tukazifuta.

Zilibaki saba. Tulichagua kompyuta moja kati ya zile sita tukaifanya seva ya shule, tukaiwekea Debian, mfumo endeshi wa bure. Tulikusanya RAM kutoka kwenye nyingine, vipande vinne vya GB 2, na hapa angalia ule mkato wa chini, DDR2 na DDR3 haviingiliani hata ukisukuma, usilazimishe. Tukaiacha na memtest, programu ya kupima RAM, usiku kucha, kipande kimoja kikatoa makosa asubuhi, tukakibadilisha. Betri ya mazabodi, ile ya duara ya CR2032 ya volti 3, ilikuwa imeisha ndo maana saa ilikuwa inarudi nyuma kila ukizima, tukaweka nyingine. Feni ya prosesa tukaipulizia vumbi. Basi, ikawaka.

Diski mbili safi za GB 500, moja ikawa ya kazi, inabeba matokeo na mafaili ya walimu, nyingine inapokea nakala kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili mafaili. Mwalimu wa kompyuta alitaka tuziunganishe ziwe kioo, RAID 1, kila kinachoandikwa hapa kinaandikwa na kule papohapo. Nilimkatalia. Kioo kinakuokoa diski moja ikifa, lakini mtu akifuta folda kwa bahati mbaya kioo nacho kinafuta sekunde hiyohiyo. Nakala ya usiku inakupa mpaka jioni kugundua. Diski ya tatu safi ikawa inazungukana na ile ya kebo, wiki hii moja iko kwenye seva inapokea nakala, nyingine iko kabatini kwa mwalimu mkuu jengo lingine kabisa, Ijumaa zinabadilishana. Umeme ukipiga au maji yakivuja kwenye chumba cha seva, kuna nakala haimo kwenye chumba hicho.

Na ile mgonjwa yenye 48 na 16? Tuliijaza sifuri diski nzima, zile 16 zikatoweka kwenye 197 na namba 5 ikapanda mpaka 56, maana yake nyingine zilikubali kuandikwa na nane zikabadilishwa na akiba. Tukaipa maktaba. Kuna programu ya bure inaitwa Kiwix, unapakua Wikipedia nzima kama faili moja, ile ya Kiingereza yenye picha ni kama GB 100 hivi, ya Kiswahili ni ndogo sana, afu wanafunzi wanaisoma kwenye mtandao wa ndani bila intaneti hata kidogo. Hiyo ikifa tunapakua tena au tunanakili, hakuna mtoto anayepoteza matokeo yake. Nakala ya mafaili ya maktaba nikaiweka kwenye diski moja ya laptopu, na diski ya laptopu ya pili tukaifunga kwenye kasha la USB, walimu wanabebea video za masomo.

Kufuta nilikufanya kwa umakini kwasababu zile diski zilikuwa na majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, na namba za simu za wazazi, na zingeenda kwa kilo hivohivo. Kufuta mafaili au kufomati haraka hakufuti, kunaondoa orodha tu. Ni lazima uandike juu ya diski nzima. Watu wanahimizana kurudia mara saba mara thelathini na tano, lakini mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, namba 800-88 toleo la 2014, ulisema kwa diski za sumaku kuandika juu mara moja kwa kawaida kunatosha. Ila SSD, ile diski ya chipu isiyo na sahani, ni habari nyingine, ile inatawanya data yenyewe ndani kwa ndani kwahiyo unatumia amri yake yenyewe ya kujifuta. Na zilizokufa haziwezi kuandikwa, hizo sahani zenyewe ndo zinaharibiwa. Kijana alitaka kuikunja sahani ya laptopu kwa mikono, nikamzuia, nyingi za inchi 2.5 ni kioo zinapasuka kama glasi na vipande vinaruka machoni. Tuliifunga kwenye kitambaa kizito, tukavaa miwani, nyundo moja tu, ikasikika kama kikombe kimevunjika ndani ya mfuko.

Zile nyingine zilizokufa, na za IDE tulizozifuta, ndo zikafika kwenye bisibisi ya nyota. Ndani kuna sumaku mbili za neodimiamu, aina iliyogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na iliyo kali kuliko sumaku nyingine zote za dukani, zimegundishwa kwenye kipande cha chuma. Usizitoe kwa kuzichokonoa, ni ngumu lakini zinakatika kama kigae, kikunje kile chuma kwenye jiliwa mpaka gundi iachie yenyewe. Na zisikaribiane vidole vikiwa katikati, na mtoto mdogo asizipate akameza.

Mwalimu wa fizikia alikuja kutazama tu akaishia kukaa na sisi mpaka jioni. Tulimwachia msingi mmoja wa diski ukiwa na sahani yake ya alumini juu ya mota. Unaizungusha sahani kwa kidole, inazunguka muda mrefu kimya kimya maana beringi zake ni nzuri sana, afu unaleta sumaku karibu na ukingo bila kuigusa, na sahani inasimama kama imekamatwa na mkono. Alumini haivutwi na sumaku, kila mwanafunzi anajua, sasa nini kimeisimamisha? Ni umeme unaozaliwa ndani ya sahani inapokatiza sumaku, nao unapinga mwendo uliouzaa. Alirudia mara kama kumi, kila mara anacheka peke yake. Na mota yenyewe usiitegemee izunguke kwa kuiunganisha na betri, ni ya fezi tatu inataka kidhibiti chake, lakini kinyume chake inafanya, ukiizungusha kwa uzi kwa nguvu inawasha taa ndogo ya LED. Pawa saplai sikuzifungua, zina kapasita zinazobaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa, nikazitumia zikiwa zimefungwa, unaunganisha waya wa kijani na mweusi inawaka, waya wa njano unakupa volti 12. Moja inawasha taa za LED za ile stoo mpaka leo.

Miezi minne baadaye mwalimu wa kompyuta akanipigia, maktaba haifunguki. Nilijua ni ipi kabla hajamaliza. Namba 197 ilikuwa imepita 300. Tukaichomoa, tukaweka ile ya laptopu yenye nakala, baada ya kipindi cha tatu wanafunzi walikuwa wanasoma tena, na matokeo ya shule hayakuguswa kwasababu tulishayahamisha, hayakuwa pale tena. Nikaifuta pale ilipokubali, ilipokataa tukaharibu sahani zake, tukatoa sumaku. Mzee wa stoo akaomba moja. Ameipigilia kwenye fremu ya mlango kwa ule upande wenye chuma, akipita anainua funguo zake zote anaziachia pale zinanata, na ndani sasa anazifikia chaki bila kuzunguka kitu.